Mali Bila Daftari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Waliosema maneno hayo walikuwa wakifikiria duka na bidhaa zake, na wadeni wasiopenda kulipa. Hawakujua kwamba siku moja daftari lenyewe lingekuwa mali, na kwamba lingeweza kupotea lingali mkononi mwa mwenyewe. Katika insha hii, msomaji, nataka kukueleza historia ya daftari la namna hiyo. Ni daftari lisilo na karatasi wala wino, na yamkini unalo moja nyumbani kwenu au shuleni. Nitaeleza lilivyobuniwa, linavyoandika, linavyokufa, na kwa nini pengine hukataa kufufuka. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa kuwa kosa la mtu wa karibu hufunza upesi kuliko hekima ya mtu wa mbali.

Wakati mmoja nilikuwa na wanafunzi wanne walionisaidia kukusanya masimulizi ya wazee wa Kibera. Huenda umepata kusikia habari za Kibera kwa ajili ya msongamano wa nyumba zake za udongo na mabati, na kwa ajili ya reli inayopita katikati yake. Lakini mtaa huo una historia ndefu kuliko nyumba zake. Jina lake latokana na neno la Kinubi, kibra, maana yake msitu. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliwapa askari wa asili ya Sudan, waliotumika katika jeshi la King's African Rifles, ruhusa ya kukaa katika msitu huo pamoja na jamaa zao. Na kufikia mwaka 1918 zaidi ya ekari 4,000 zilikuwa zimetengwa kwa ajili ya jeshi. Askari hao walipewa vibali vya kukaa, wala hawakupewa hati za kumiliki. Tofauti hiyo, ambayo mtu asiyefikiri aweza kuiona ndogo, ilizaa taabu ya miaka mingi. Mjukuu wa askari alijua shamba la babu yake liliishia kwenye mti gani, lakini karatasi ilikuwa katika kabati la serikali. Wanubi walidai haki yao katika ofisi na mahakama kwa muda mrefu, na haikuwa mpaka mwaka 2017 ndipo Rais Uhuru Kenyatta alipowakabidhi hati ya ekari 288.

Basi waona, msomaji, kwamba katika Kibera maneno ya mzee si ngano ya kupitishia jioni tu. Ni ushahidi. Mzee mmoja, ambaye babu yake alikuwa askari, alitutajia majina ya watu waliokuwa majirani wa babu yake kabla mji haujajaa. Alitaja kila jina polepole, na baada ya kila jina alieleza nyumba ilikuwa upande gani wa njia, na mwenyewe alipanda nini. Sauti yake tuliinasa kwa kifaa kidogo, na jioni ile ile niliihamisha katika kipakatalishi changu, ambacho wengi wetu hukiita laptopu. Kisha niliifuta sauti katika kile kifaa ili kipate nafasi ya masimulizi ya kesho yake. Nilijiambia kwamba nitatengeneza nakala likizo ikifika.

Likizo haijafika, stima ilikatika usiku mmoja, ikarudi kwa nguvu, ikakatika tena. Asubuhi nilibonyeza kitufe cha kuwashia, nikabonyeza tena, na tena. Taa haikuwaka wala pangaboi halikuzunguka. Kipakatalishi kilikuwa kimekufa, na ndani yake mlikuwamo sauti za wazee watatu.

Nilielekezwa kwa fundi aliyeko Kawangware. Mtaa huo uko upande wa magharibi wa jiji, ng'ambo ya Barabara ya Ngong ukitoka Kibera, na watu wa matatu wanaujua zaidi kwa namba 46. Hapo, baina ya cherehani za mafundi wa nguo na mafungu ya mitumba, utaona vibanda vyembamba ambamo vijana wameinama juu ya simu zilizofunguliwa, kila mmoja na taa yake na kioo chake cha kukuzia. Fundi wangu alikipokea kipakatalishi kwa mikono miwili kama mtu apokeaye mgonjwa, akaniuliza: "Mwalimu, kilichokufa ni mashine, au ni diski?" Nilimjibu kwamba sioni tofauti. Akasema: "Tofauti ni kubwa. Mashine ni nyumba, diski ni mwenye nyumba. Nyumba ikiungua, mwenyewe aweza kuwa ametoka salama. Watu wengi huzika vyote viwili pamoja."

Kwa bisirisi ndogo alifungua mfuniko wa chini, akatoa kibao chembamba kisichozidi ukubwa wa kipande cha ubani wa kutafuna. Hiyo ndiyo iliyokuwa diski. Aliniambia kwamba nina bahati kwa jambo moja, maana katika vipakatalishi vingi vya siku hizi chipu za hifadhi zimelehemiwa juu ya ubao mkuu wa mashine, wala hazitoki. Ukitaka kilichomo huna budi kwanza kuufufua ubao wenyewe. Yangu ilitoka. Aliitia katika kasha dogo lenye waya, akaunganisha waya na kompyuta yake. Tulitazama pamoja. Diski ilijitambulisha, lakini kwa jina nisilolijua, na ukubwa wake ulisomeka sifuri. Fundi akatikisa kichwa.

Ili uelewe kwa nini alitikisa kichwa, yafaa twende nyuma kidogo, mpaka mwaka 1956. Katika mwaka huo kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza mashine iliyoitwa RAMAC, na ndani yake mlikuwa na diski ya kwanza ya kuzunguka iliyouzwa kwa ajili ya kompyuta. Ilikuwa na sahani 50, kila moja kipenyo chake inchi 24, na chombo kizima kilikuwa na uzito wa kama tani moja. Katika ukubwa wote huo kiliweza kuhifadhi herufi milioni 5, jambo lililowastaajabisha watu wa wakati ule. Leo picha moja iliyopigwa kwa simu nzuri yaweza kujaza nafasi kama hiyo.

Diski ya namna hiyo huandika kwa sumaku. Sahani zake zimepakwa utando wa sumaku, na kichwa kidogo hupita juu yake kikiacha alama. Alama hiyo ni kitu cha kudumu. Mota ikiharibika, au ubao wa umeme ukiungua, alama hubaki juu ya sahani kama maandishi juu ya jiwe, na fundi mwenye vifaa na subira aweza kuzihamisha sahani katika mwili mwingine na kuzisoma. Ushahidi mkubwa wa jambo hilo ulitoka mbinguni. Tarehe 1 Februari 2003, chombo cha anga Columbia kilivunjika kikirejea duniani, na wanaanga 7 wakafariki. Miongoni mwa vipande vilivyoanguka katika jimbo la Texas ilikuwamo diski moja iliyokutwa miezi kadhaa baadaye katika kitanda cha ziwa lililokauka. Nje ilikuwa imeungua, ndani imeingiwa na vumbi. Hata hivyo mafundi wa kampuni ya Ontrack waliisafisha, wakazitia sahani zake katika mwili mpya, wakapata karibu 99 katika kila mia ya kilichokuwamo. Ilikuwa ni habari ya jaribio la sayansi juu ya gesi iitwayo zenoni, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008.

Zingatia sababu moja ya mafanikio yale. Kompyuta iliyotumia diski hiyo ilikuwa ya kizamani, nayo iliandika mambo yake mfululizo, ukurasa baada ya ukurasa, mahali pamoja. Sehemu za sahani zilizokuwa zimeharibika zilikuwa hazina kitu. Laiti habari zile zingalitawanywa huku na huku, wataalamu wangalikuwa na kazi ngumu zaidi.

Sasa tuje kwenye diski ya namna yangu, ambayo mafundi huitaja kwa herufi tatu, SSD. Hii haina sahani, haina mota, wala hakuna kinachozunguka. Msingi wake uliwekwa mwaka 1967 katika maabara ya Bell, Marekani, ambako Dawon Kahng na Simon Sze waliona kwamba yawezekana kukifungia chaji ya umeme katika kijumba kidogo kilichozungukwa na ukuta usiopitisha umeme, na chaji hiyo ikakaa humo hata baada ya umeme wa nje kukatwa. Katika miaka ya 1980 Mjapani Fujio Masuoka, mfanyakazi wa kampuni ya Toshiba, alibuni namna ya kupanga vijumba hivyo kwa wingi na kuvifuta kwa mafungu kwa mara moja. Aliitangaza kazi yake mwaka 1984, na mwaka 1987 ukatangazwa mpango mwingine ulio bora zaidi kwa kuhifadhi mambo mengi, ambao ndio mzazi wa diski za leo. Mwenzake mmoja, Shoji Ariizumi, alisema kwamba ufutaji ule wa ghafula ulimkumbusha mmweko wa kamera, na kwa hiyo chombo kikaitwa flashi. Kumbe basi flashi tunayoitundika shingoni au kuitia mfukoni ilipewa jina kwa wepesi wake wa kufuta, si kwa uhodari wake wa kutunza. Mwaka 1991 kampuni ambayo leo yaitwa SanDisk iliuza diski ya chipu ya megabaiti 20, na tangu hapo vyombo hivi vimezidi kuwa vidogo, vyepesi na vya bei nafuu, mpaka vikaingia katika mkoba wa mwalimu wa kawaida.

Faida za diski hii ni nyingi. Huamka upesi, haili umeme mwingi, na ikianguka sakafuni hakuna sahani ya kukwaruzwa. Lakini ina tabia mbili ambazo mwenye kuitumia apaswa kuzijua.

Tabia ya kwanza ni kuhamahama. Kila mara kijumba kinapoandikwa na kufutwa, ukuta wake huchakaa kidogo. Kama maneno yangeandikwa mahali pale pale kila siku, mahali hapo pangekufa mapema. Kwa hiyo ndani ya diski mna chipu msimamizi, ambaye kazi yake ni kuwatawanya wapangaji. Barua uliyoiandika leo huiweka huku, ukiisahihisha kesho huiweka kule, na sehemu zake huzigawa baina ya chipu nyingi. Msimamizi huyo huweka ramani yake mwenyewe, inayoonyesha kila kipande kimelala wapi.

Nikupe mfano wa Kibera. Nyumba nyingi za mtaa ule hazina namba, na vichochoro vyake vingi havina kibao cha jina. Mgeni akiingia peke yake atapotea. Lakini mtoto aliyezaliwa hapo atampeleka moja kwa moja mpaka mlangoni kwa mtu amtakaye. Sasa fikiri mtaa ambao wapangaji wake huhama kila usiku, na katika mtaa mzima kuna mtu mmoja tu anayejua nani amelala wapi. Mtu huyo akifa, nyumba zote zitabaki zimesimama, na wapangaji wote watakuwamo ndani, wazima. Walakini wewe uliyekuja na barua ya mmoja wao utagonga mlango gani?

Hiyo ndiyo hali ya SSD iliyokufa. Mara nyingi data hazijaungua. Kilichoharibika ni msimamizi au ramani yake, na umeme unaokatika ghafula wakati msimamizi anaandika ramani ni miongoni mwa mambo yanayoweza kumwua. Wataalamu wenye vifaa waweza kuzibandua chipu na kuzisoma moja moja, kisha wakajaribu kuupanga upya mkorogo ule. Lakini diski nyingi za sasa huzichanganya herufi kwa ufunguo wa siri, na ufunguo wenyewe hukaa kwa msimamizi. Akifa nao, wataalamu watatoa chipu zenye maandishi yasiyosomeka na mtu yeyote duniani.

Tabia ya pili ni kujisafisha. Katika diski ya sumaku, ukifuta faili, kinachofutwa kwa kawaida ni jina lake katika orodha. Mwili wake hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Katika SSD nyingi sivyo. Ukifuta, kompyuta humpa msimamizi habari kwamba vijumba fulani havihitajiwi tena, naye hupita kuvisafisha kwa wakati wake, hata kama wewe hugusi kitu, maadamu diski ina umeme. Kwa hiyo mtu aliyefuta kwa bahati mbaya, kisha akaiacha kompyuta ikiwaka huku akitafuta msaada, huenda akawa anamwachia mfagiaji mlango wazi. Tena chaji iliyofungiwa huvuja kidogo kidogo, na joto huongeza kuvuja huko. Diski iliyochakaa, ikiwekwa kabatini pasipo umeme kwa muda mrefu, yaweza kusahau yenyewe.

Turudi Kawangware. Fundi aliposema kwamba ramani ndiyo iliyovurugika, nilimwuliza kama kuna dawa. Alinijibu: "Dawa ya hakika hapana, Mwalimu. Ipo subira." Aliipa diski umeme bila kuiuliza kitu chochote, akaiacha kwa nusu saa, akakata umeme, akarudia. Alieleza kwamba pengine msimamizi akipewa nafasi ya kutulia huweza kuipitia ramani yake na kuitengeneza. Mara ya kwanza hapakuwa na mabadiliko, wala mara ya pili. Mara ya tatu diski ilijitaja kwa jina lake halisi, na ukubwa wake kamili ukaonekana. Nilinyoosha mkono nifungue sauti ya mzee, fundi akaushika mkono wangu. "Tusifungue kitu," alisema. "Hatujui itakaa macho kwa muda gani. Tunakili kwanza."

Sikusahau neno hilo. Alianza kuinakili diski yote katika diski nyingine nzima, kutoka mwanzo kuelekea mwisho, akiruka sehemu zilizokuwa nzito kusomeka ili azirudie baadaye. Hakuandika hata herufi moja ndani ya diski ile mgonjwa. Kazi ilipokuwa imepita nusu kidogo, diski ilinyamaza, na safari hii haikuamka tena, wala kwa subira wala kwa umeme. Tulipotazama kilichookolewa tulikuta barua zangu, mitihani ya miaka miwili, picha, na sauti za wazee wawili. Sauti ya mzee wa majirani haikuwamo.

Kinyume cha msiba huu kimepata kutokea katika nchi yetu, nacho chafaa kutajwa hapa. Kabla ya uhuru wa mwaka 1963, maofisa wa kikoloni walichambua faili zao. Nyingine waliziteketeza, na nyingine zilisafirishwa kwa siri mpaka Uingereza. Serikali ya Kenya iliziulizia tangu mwaka 1967, haikupewa. Lakini waliozichukua faili hawakuzichukua barua zote zilizozungumza juu ya faili hizo. Wazee waliokuwa wafungwa wakati wa vita vya Mau Mau walipofungua mashtaka mjini London mwaka 2009, wanahistoria waliowasaidia, David Anderson miongoni mwao, walionyesha kwa barua zilizosalia kwamba faili zipatazo 1,500 ziliondolewa Kenya. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba zilikuwapo, zimehifadhiwa mahali paitwapo Hanslope Park, pamoja na maelfu mengine kutoka katika makoloni mengine. Mwaka 2013 serikali hiyo ilikubali kuwalipa wazee 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9.

Tafakari, msomaji. Hapo faili zilifichwa, lakini alama ya kwamba zimekuwapo ilibaki, na alama hiyo ikawaongoza watu mpaka kwenye faili. Maandishi machache yaliyosalia mahali pa pili yalishinda nguvu ya serikali iliyotaka kusahau.

Vijana wa Kibera walilifahamu jambo hili kwa njia yao. Mtaa wao, ijapokuwa ulijaa watu, ulikuwa kama pengo jeupe katika ramani zilizokuwa wazi kwa umma. Mwaka 2009 baadhi yao, wakisaidiwa na Mikel Maron na Erica Hagen, walichukua vifaa vya GPS wakatembea vichochoro kwa miguu, wakitia alama mahali pa kuteka maji, zahanati, shule, vyoo, makanisa na misikiti. Kazi hiyo iliitwa Map Kibera. Walichokusanya hawakukifungia katika kompyuta moja. Walikiweka katika OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, ambayo mtu yeyote aweza kuitazama na kuinakili. Kompyuta zote zilizotumika katika kazi ile zingeweza kufa siku moja, na ramani ya Kibera isipotee. Kidole kimoja hakivunji chawa, na diski moja haitunzi historia.

Nami pia nilibakiwa na alama. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa na daftari la karatasi, la kurasa 32, na katika siku ile ya mazungumzo alikuwa ameandika mstari huu: "Majirani 12. Majina yako katika sauti." Tulijua basi kwamba majina yalikuwa kumi na mawili, lakini hatukuwa na hata moja. Tulirudi Kibera kwa aibu, tukamweleza mzee yaliyotupata. Hakutukaripia. Alikaa juu ya kiti chake, akafumba macho, akaanza tena kutoka upande wa reli. Alitaja jina la kwanza, la pili, la tatu. Alipofika la saba alinyamaza. Aliinua mkono kana kwamba aonyesha nyumba iliyo mbele yake, kisha akaushusha. "Siku ile nilikuwa na nguvu," alisema. "Leo hawaji."

Tulimtembelea mara mbili zaidi, na majina yalibaki saba.

Najua kwamba wewe, msomaji, una mambo yako katika simu au kompyuta: kazi za shule, picha za jamaa, pengine sauti ya nyanya yako ambayo hukuinakili. Nakushauri ufanye mambo ambayo mimi sikuyafanya. Kitu chenye thamani kiweke katika nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili zilizo tofauti, na nakala moja ikae mbali na nyumbani kwako, ili moto mmoja au mwizi mmoja asipate zote. Kila baada ya muda zifungue uone kama bado zasomeka, kwa kuwa nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu. Diski ikianza kuugua, usiifute, usiipange upya, wala usiijaribu kwa programu za kila namna. Izime, umpelekee mtu ajuaye. Na mtu huyo mchague kwa uaminifu wake pia, kwa maana anayefungua diski yako anafungua chumba chako cha ndani. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini sheria haikai kibandani pamoja na fundi. Kinachokaa naye ni tabia yake. Fundi wangu wa Kawangware alinirudishia nakala yangu na diski iliyokufa, akafuta mbele ya macho yangu kila alichokuwa amekihifadhi katika mashine yake, akapokea malipo ya muda wake tu.

Masimulizi yale sasa yamo katika maktaba ya shule, kwa sauti na kwa maandishi, na kila mmoja wa wale wanafunzi wanne ana nakala yake. Katika ukurasa wa majirani tumeandika majina saba, kila jina na mstari wake. Chini yake tumeacha mistari mitano bila neno. Wanafunzi wapya hutuuliza kila mwaka kwa nini hatukuijaza, nasi huwaeleza kisa hiki. Mmoja wao aliniuliza swali jingine ambalo sikuweza kulijibu upesi: "Mwalimu, wale watano walikuwa na wajukuu?"

Bila shaka walikuwa nao. Huenda mmoja wao yuko darasani pamoja nawe. Leo jioni, kabla hujalala, mwulize mzee wa kwenu majina ya majirani wa babu yake. Uyaandike. Kisha, usiku huo huo, uyaandike mara ya pili mahali pengine, wala usingoje likizo.